Peupe Katikati ya Ramani

Ruiru,
13 Januari 2025

Kwa Mama Wakonyo Muriithi,

Habari za siku, Mama. Mimi naitwa Tahir Ramadhani, ni mpima ardhi katika ofisi ndogo hapa Ruiru. Nimejaribu kukupigia simu tangu wiki iliyopita lakini haiingii, kwa hivyo nimempa barua hii Maggie wa pikapu ya maziwa. Ameniambia anapita kwako kila asubuhi.

Tumepewa kazi ya kuchora ramani ya miinuko ya ranchi zote za Ngoliba, kuanzia barabarani hadi mtoni. Ramani itaonyesha ardhi inapanda wapi, inashuka wapi, na maji ya mvua yanakimbilia wapi, ili lichimbwe bwawa la mifugo. Wewe unajua kuliko mimi jinsi ukame uliopita ulivyowamaliza ng'ombe huko.

Majirani wako wote wameturuhusu. Alhamisi tulifika kwenye lango lako, na mfanyakazi wako Ndambuki akatuambia umesema tusiingie. Hakutoa sababu. Mama, hatupimi mipaka wala hatumgawii mtu shamba. Tunaomba siku chache tu kabla ya mvua za Machi, maana ule udongo mweusi ukishalowa hakuna gari litapita.

Nangoja jibu lako kwa heshima,
Tahir Ramadhani


Ngoliba,
17 Januari 2025

Bwana Tahir,

Barua yako nimeipata. Imeandikwa vizuri, na nasema hivyo kama mtu aliyefundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka akastaafu. Jibu langu ni hapana.

Unasema Ndambuki hakutoa sababu. Sababu sikumpa. Mtu akisema watu wasiingie kwake, tangu lini akadaiwa maelezo? Mume wangu na mimi tumekaa hapa tangu pakiwa pori la fisi. Hao majirani unaowataja, ni yeye Mzee Muriithi aliyewakusanya wakanunua hizi ranchi, na ni yeye aliyekuwa akiwasimamia mikutano. Siku hizi amechoka na hapendi wageni.

Pimeni kwa majirani. Kwetu rukeni.

Mwalimu Wakonyo Muriithi


Ruiru,
28 Januari 2025

Mwalimu Wakonyo,

Nimefanya ulivyosema. Tumepima kwa majirani, tukaruka kwako. Sasa naomba unisaidie kuelewa jambo moja.

Upande wa jirani yako wa juu tulipigilia vigingi vya mbao kando ya ua, vimepakwa rangi nyekundu kichwani. Asubuhi iliyofuata hakikuwepo hata kimoja. Tukaanza upya. Vikaondoka tena. Jirani anaapa si yeye, na nyayo zinatoka kwako na kurudi kwako. Pale waya ulipolegea kuna uzi wa sweta umenasa.

Labda nieleze kazi yetu. Kila kigingi kinabeba kipimo cha kile kilichotangulia. Kimoja kikitoka, vyote vilivyofuata havina maana, na watu waliosimama juani siku nzima wamesimama bure. Bosi wangu, Ajwang, ameniuliza mbele ya wenzangu kama nimeshindwa na mama mmoja.

Na hata tukiruka, ramani haikamiliki. Korongo kubwa linaingia kwako kutoka juu, halafu linatokea chini karibu na mto. Katikati sijui linafanya nini. Mistari yote inafika kwenye ua wako na kukatika. Nikiifungua ramani kwenye kompyuta naona peupe katikati, na hapo peupe ni kwako.

Tafadhali, kama kuna mtu wako anayeng'oa vigingi, mkataze.

Tahir Ramadhani


Ngoliba,
1 Februari 2025

Bwana Tahir,

Usimtafute mtu. Vigingi nimeving'oa mimi. Mkipigilia vingine karibu na ua wangu nitaving'oa vilevile, na huyo bosi wako Ajwang unaweza kumsomea barua hii.

Kuhusu peupe: andika "hapa hapakupimwa". Wanafunzi wangu wakikosa jibu waliacha nafasi. Sikuwapiga kwa sababu hiyo.

Jambo lingine. Maggie ameniambia ulimuuliza habari za nyumbani kwangu: tuko wangapi, Mzee anaonekana lini. Maggie ni mtu mzuri lakini anapita kila boma kutoka hapa hadi Kamenu, na anachokipokea hapa anakishusha pale pamoja na maziwa. Ukiwa na swali, niulize mimi.

Mwalimu W. Muriithi


Ruiru,
10 Februari 2025

Mwalimu,

Nimekubali kwamba miguu yetu haitakanyaga kwako. Ninapendekeza njia nyingine.

Ofisi yetu ina droni, yaani kale kandege kadogo kasikokuwa na rubani. Tunaweza kukarusha kutoka kwa jirani, kapite juu ya ranchi yako kapige picha, na kutokana na picha hizo tuchore miinuko. Hatutaingia, hatutapigilia chochote. Ng'ombe wakishtuka kidogo mwanzoni huzoea. Ni kazi ya asubuhi moja tu.

Nakuomba kama mtoto anavyomwomba mzazi. Nilizaliwa Majengo ya Thika, mama yangu alikuwa akiuza nyama ya mbuzi waliotoka huko kwenu, kwa hivyo siongei habari za Ngoliba kama mgeni. Wiki jana nilimwona mama mmoja akiwanywesha ndama wake maji aliyoyabeba mgongoni kutoka mtoni. Bwawa likipata mahali pake, ataacha kubeba.

Tahir


Ngoliba,
13 Februari 2025

Tahir,

Hapana.

Mama aliyekuwa akibeba maji namjua, nilimfundisha, na usimtumie kunibembeleza.

Sitaki picha za kwangu. Mtu akitoka kuoga, imeshapigwa. Mtu akiwa amekaa chini ya mti na nguo zake za nyumbani, imeshapigwa, na kesho watu wa ofisi wanamkuza kwenye kompyuta wakicheka. Kwangu bado ni kwangu, juu na chini.

W. Muriithi


Ruiru,
24 Februari 2025

Mwalimu Wakonyo,

Nimeiandika barua hii nikaichana, nikaiandika tena. Bado nina hasira, basi nisamehe mwanzoni kabisa.

Ijumaa tuliirusha droni kwa jirani yako wa chini, ambaye alituruhusu. Picha za mwisho zilivuka ua wako kidogo. Hatukukusudia, lakini zilivuka. Kwenye picha moja kuna mzee mrefu mwenye sweta la kijani. Ameinama upande wa jirani, anang'oa kigingi chetu. Kwenye picha inayofuata ameshakitia ndani ya koti analobeba, na anaelekea kwa kingine.

Kwa hivyo si wewe. Uliniandikia kwa mkono wako kwamba ni wewe, na kumbe unamtuma Mzee. Mtu wa umri ule, saa sita mchana, jua la Ngoliba, bila kofia wala mtu wa kumshika mkono. Mwalimu, ukinikasirikia mimi, nikasirikie. Kumtuma mume wako mzee akufanyie kazi ya namna ile, sikutarajia kwa mtu kama wewe.

Picha hizo nimeziondoa, hakuna aliyeziona ofisini. Lakini nilitaka ujue kwamba mimi nimeziona.

Tahir Ramadhani


Ngoliba,
26 Februari 2025

Bwana Tahir,

Hujui unalolisema, na sitakufundisha.

Usiniandikie tena.

W. M.


Ngoliba,
7 Machi 2025

Habari Tahir,

Mimi ni Jackie, binti ya Mwalimu Wakonyo. Sorry nakuandikia hivi kwa simu, nimekupigia inaita tu haishikwi. Nimepanda mpaka huku juu penye netiweki na nitangoja hapa hapa mpaka unijibu.

Baba amepotea. Alitoka jana asubuhi mama akiwa anakamua na hajarudi. Majirani wametafuta jana yote mpaka giza, leo pia tangu alfajiri. Ndambuki ameteremka korongo lote la chini, hakuna kitu. Huku ni miiba na mashimo, mtu anaweza kuwa karibu na wewe na humwoni.

Lazima nikwambie ukweli ndio ujue tunamtafuta mtu wa aina gani. Ukimwita hataitika. Kumbe amesahau karibu kila kitu, na mama amekuwa akificha. Hata mimi alinificha! Kila nikipiga simu ananiambia Baba amelala. Niliwahi kumwambia akizidiwa nitawachukua wote wawili tukae kwangu Membley, sasa nafikiri ndio maana alinificha. Ndambuki ndiye amenieleza leo: Baba anafikiri bado ni ile miaka ya zamani na kuna watu wamekuja kumgawia ranchi. Akiona kigingi anatoka.

Nimepata barua zako kwenye meza ya mama. Nimezisoma zote, ile ya mwisho pia. Sitasema kitu kuhusu hiyo sasa hivi.

Hiyo droni yenu, mnaweza kuja nayo? Mama amesema mrushe popote. Please.

Jackie Muriithi


Membley, Ruiru,
15 Machi 2025

Tahir,

Nilikwambia usiniandikie tena. Sasa naandika mimi.

Siku ile tulipompata Mzee sikukuaga. Ambulensi ilikuwa inangoja, na nilikuwa nimeshika kichwa cha Mzee. Jackie ameniambia ulifika umefunga, midomo imekupasuka, ukakataa hata kukaa kivulini. Ninachokumbuka mimi ni wewe umeinamia kile kioo cha droni na kusema polepole, "Mwalimu, hebu njoo uangalie hapa. Hiyo ni nguo ama ni jiwe?" Nikakwambia ni sweta. Nilimfumia mimi mwenyewe, ningelijua hata lingekuwa dogo kama punje ya mtama.

Daktari amesema nyonga imevunjika na maji yalikuwa yamemwisha mwilini. Angelala pale siku moja zaidi, hatungekuwa tunaandikiana haya. Alikuwa kwenye tawi la korongo ambalo hata Ndambuki hakulifikia, chini ya migunga, vigingi vyenu vikiwa ndani ya koti. Walipomwinua aliwaambia, "Chukueni polepole, hizo ni mali ya kesi."

Kuhusu barua yako ya Februari. Nilikaa nayo siku nyingi. Ulikosea, lakini ulikosea kwa sababu niliandika uongo, na ningeuandika tena. Watu wa Ngoliba wanamjua Muriithi aliyesimama mbele yao akaongea mpaka wakaacha kupigana. Nilitaka wabaki na huyo. Mwaka mzima nimefunga milango, nimefungua milango, nimemfuata kwenye jua, nimejibu swali moja asubuhi hadi jioni, halafu kijana ananiandikia eti ninamtuma. Niliitupa barua yako jikoni. Kisha nikaiokota.

Sasa tuko kwa Jackie. Nyumba ni safi na ni ya kuteleza. Geti lina askari ambaye anataka kujua naenda wapi hata nikitoka kununua mboga za sukuma. Mzee ameniuliza leo tutarudi lini nyumbani, na nilipomjibu akaniuliza mimi ni nani. Jackie anatupenda, lakini ananiongelesha kama mtoto aliyekamatwa na kosa. Nimechoka, Tahir.

Ingia kwangu upime. Ndambuki nimemwambia. Maliza hapo peupe pako.

Mwalimu Wakonyo


Ngoliba,
23 Machi 2025

Mwalimu wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye veranda yako. Ndambuki amenipa kiti, na mpaka kufuturu bado.

Kwanza, nisamehe. Nilimwona mtu kwenye picha nikafikiri nimeona kila kitu. Sina neno zuri la kuongeza hapo.

Kazi imeisha jana. Ilikuwa mbio, maana mawingu yamekaa Kilimambogo tangu Jumatano na kila mtu anaangalia juu. Hapa kwako pana ardhi ngumu kupima kuliko zote: korongo linapasuka mara tatu, moja ya hayo matawi ni lile tulimompata Mzee, kisha yote yanakutana pale bondeni chini ya nyumba, penye majani mabichi unapolishia ndama.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sikutaka ulisikie kwa barua ya ofisi. Tulichora mistari yote ikaungana. Tulikuwa na sehemu tatu zilizopendekezwa kwa bwawa, zote kwa majirani. Hakuna hata moja inayofaa. Maji hayatakaa huko, yatapita tu. Yote yanakuja kwako. Mahali pekee bwawa linaweza kujaa ni kwenye lile bonde la ndama, na likijaa litafunika pale Ndambuki anaposema palikuwa na boma lenu la zamani.

Nimepima mara mbili kwa sababu sikutaka iwe hivyo. Ajwang ameshaiona ramani na amefurahi, anasema ndio mwisho wa shida zetu. Mimi sijafurahi.

Hakuna anayeweza kukulazimisha. Ukikataa, mradi unahamia mahali pengine mbali, na Ngoliba inabaki kama ilivyo.

Tahir


Membley,
27 Machi 2025

Tahir,

Ningeliendelea kukufungia lango ningekuwa nimefanya vizuri.

Nilikuruhusu kama shukrani, na wewe umetoka kwangu na bonde langu mkononi. Unajua ni bonde gani hilo? Tulipofika hapakuwa na kitu, na hapo ndipo tuliposimamisha boma la kwanza. Yeye alikata miti, mimi nilikuwa na mimba ya Jackie na bado nilibeba mawe. Ng'ombe wetu wa kwanza alizalia hapo. Kati ya ardhi yote ya Ngoliba, na vile ni kubwa na kame na haina kazi, ramani yako imechagua hapo.

Rudi upime tena.

Wakonyo


Ruiru,
2 Aprili 2025

Mwalimu wangu,

Nimepima tena. Siku mbili kabla ya Idi nilirudi, nikaanza kutoka mtoni nipande juu badala ya kutoka juu nishuke, kwa sababu nilitumaini kuna mahali nilikosea. Sikukosea. Laiti ningekosea.

Jumatatu mvua imenyesha, siku ya Idi yenyewe. Ndambuki amenipigia simu kutoka kilimani, anasema maji yaliteremka makorongo yote matatu yakajaa bondeni, yakakaa mpaka mchana, kisha yakavunja upande wa chini na kwenda mtoni. Alisema, "Yalikaa kama yamealikwa." Mvua yote iliyobaki itapita hivyo hivyo. Hata ukikubali leo, matingatinga hayaingii mpaka udongo ukauke, labda Juni.

Nimemwambia Ajwang sitakuandikia kukuomba. Amenipandishia sauti, na mimi nikampandishia. Kwa hivyo barua hii si ya kuomba. Umesema nipime tena, na hayo ndiyo majibu.

Mzee anaendeleaje? Mama yangu amenipa mahamri ya Idi niwaletee. Nitayaacha kwa askari wa getini akikataa kuniruhusu.

Tahir


Membley,
9 Aprili 2025

Tahir,

Askari alikataa kukuruhusu, nimesikia, na nimemwambia maneno ambayo hakuyatarajia kwa mtu wa umri wangu. Mahamri tumeyala. Mzee alikula mengi kuliko sisi wote, akanificha moja mfukoni.

Sikutaka kujibu barua yako. Kwa siku kadhaa nilikuwa nikimwambia Jackie kila kitu kibaya ninachokifikiria juu ya ofisi yenu, mpaka akaniuliza, "Mami, unabishana na nani? Tahir hayuko hapa." Tukaanza kubishana sisi. Nilimwambia mwisho wa mwezi tunarudi Ngoliba, mimi na baba yake. Akalia, akasema ninataka kumuua baba yake. Nikamwambia hapa anakufa vilevile, tofauti ni kwamba anakufa akiangalia ukuta wa jirani. Hayakuwa maneno mazuri. Lakini amekubali kutupeleka, na atamtafuta mtu wa kunisaidia kumtunza, na sitaficha tena. Maggie akitaka kulitangaza hilo na maziwa yake, alitangaze. Wakija kumwona, wamwone alivyo.

Jana jioni nilimketisha Mzee kwenye kiti cha magurudumu, nikamsukuma mpaka mwisho wa barabara ya estate, penye jua. Alikuwa mtulivu. Nikafikiri, huyu ndiye aliyekata ile miti, sina haki ya kuamua bila yeye. Nikamuuliza, "Baba Jackie, watu wa Ngoliba wanataka kuchimba bwawa kwenye lile bonde la ndama. Tuwape?"

Akaniuliza, "Bonde la nani?"

Nikamwambia, "Letu."

Akafikiri sana. Alikunja uso kama alivyokuwa akifanya mikutanoni. Halafu akasema, "Mimi sina bonde, mama. Waulize wenyewe." Alinishika mkono akiniambia hivyo, kwa upole, kama anamwelekeza mgeni aliyepotea njia.

Tulirudi polepole. Nilimlisha, nikamlaza, nikakaa sebuleni kwa Jackie na ile ramani uliyoniletea pamoja na mahamri. Sikuwa nimeifungua. Nimeiona nyumba yangu, ni kinukta. Nimeliona bonde, na mistari yako inavyolizunguka. Nililitafuta boma la zamani, halimo. Lisingekuwemo, mawe yalishachukuliwa siku nyingi. Liko kichwani mwangu tu sasa, mwake halimo tena.

Basi nimejiuliza mwenyewe.

Waje Juni, udongo ukikauka. Waniletee karatasi za kutia sahihi huko nyumbani, si hapa. Na yule mama wa kubeba maji awe wa kwanza kunywesha, hilo waliandike.

Na wewe, katika ripoti yenu, usije ukaandika kwamba mwenye shamba amekubali kwa furaha. Nimesoma ripoti za namna hiyo, huwa zinasema hivyo. Andika kwamba amekubali, kisha weka nukta.

Mwalimu Wakonyo Muriithi